Lenzi Iliyokwama Wazi

Mwasiti Mulamba alizaliwa Rumonge, katika mtaa wetu wa Waswahili ulio juu kidogo ya bandari, na tangu ujana wake alikuwa mtu wa kuitwa kwenye shughuli. Hakuitwa kupika, maana wapishi kwetu hawakosekani. Aliitwa kupiga picha. Siku ya bibi harusi kupakwa hina ni siku ya wanawake, mwanamume hakanyagi, na wapiga picha wote wa mjini walikuwa wanaume. Walikaa barazani wakinywa chai huku ndani mambo mazuri yote yakipita bila kupigwa hata picha moja. Mwasiti alikuwa amefundishwa kazi na mjomba wake aliyekuwa na studio Buyenzi, kule Bujumbura. Aliporudi na kamera shingoni, akaingia ndani pamoja na mashangazi, basi, hapakuwa tena na familia iliyomwoza binti bila kumtafuta yeye kwanza.

Alikuwa mwanamke mrefu, mnene kiasi, mwenye sauti ya kutuliza ukumbi. Alipanda juu ya kiti, akawapanga watu kwa vimo, akawaambia wenye vilemba vikubwa warudi nyuma, na hakubonyeza mpaka ahakikishe kila uso unaonekana. Alikuwa akisema kwamba picha ya harusi ni ya wote waliokuja, si ya bibi harusi peke yake, na mtu akijitafuta asijione atakaa na kinyongo mpaka siku anaingia kaburini. Sisi majirani tulicheka, lakini tulijua anasema kweli.

Mume wake, Jafari, ni fundi wa mashine za boti, mtu mkimya ambaye hata siku ya Idi mikono yake inanuka petroli. Waliishi upande wa chini, karibu na maji, pamoja na mama yake Jafari, bibi Mwamini. Bibi huyo aliuza mawese sokoni, na nyuma ya nyumba alikuwa na kishamba cha bamia na maboga ambacho alikipenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

Kisha ziwa likapanda. Kila mtu wa pwani hii anaikumbuka misimu ile, maji ya Tanganyika yalipoacha mahali pake yakaanza kuingia mitaani polepole, leo njia, kesho ua, keshokutwa sebule. Nyumba zilizokuwa ufuoni kabisa zilizama mpaka madirishani. Kwa Mwasiti maji yalipita juu ya kishamba cha bibi Mwamini, yakafika kwenye kizingiti, yakakaa hapo. Jafari alipandisha magodoro na vyombo juu ya matofali. Kamera ilihamishiwa kwetu, nyumba ya juu. Lakini mfuko wenye lenzi pekee aliyokuwa nayo Mwasiti, lenzi fupi, nyepesi, nzuri kwa vyumba vyenye mwanga hafifu, ulisahauliwa juu ya kabati. Haukuguswa na maji hata tone. Unyevu ndio ulioingia, na hakuna aliyeuona ukiingia.

Maji yaliporudi nyuma, harusi kubwa ya kwanza ilikuwa ya Nadia, binti wa mtaani kwetu aliyeolewa na kijana kutoka Nyanza-Lac. Mama wa bwana harusi, Mama Faridi, alikuja na dada zake, wote wameshona kitenge cha aina moja, kijani na kahawia. Mwasiti alipoanza kazi aliona picha zinatoka nyeupe kupita kiasi. Akadhani ni taa za ukumbi, akarekebisha kamera, picha zikatulia, akaendelea. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilionekana sawa. Ilipofika zamu ya picha kubwa ya familia, alimkalisha Nadia mbele kabisa ili shela yake ionekane, wakwe akawapanga nyuma kwenye ngazi, akapanda kiti, akabonyeza.

Picha ziliporudi kutoka Bujumbura zikiwa kubwa, za kutundika ukutani, Nadia alikuwa ameng'aa, na nyuzi za dhahabu kwenye shela yake zilionekana mmoja mmoja. Nyuma yake wakwe walikuwa rangi tupu. Ungeweza kujua kwamba wako watu pale, lakini si nani. Mama Faridi, aliyesimama ngazi ya juu, hakuwa na macho wala mdomo.

Alimpigia simu Mwasiti yeye mwenyewe. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma.

"Umenifuta, Mwasiti," alisema. "Wajukuu wangu watauliza huyu ni nani, na hakuna atakayejua."

Mwasiti hakujitetea. Aliazima kamera ya mwenzake, akapanda gari kwenda Nyanza-Lac, akamwomba Mama Faridi na dada zake wavae tena kile kitenge, akawapiga picha uani, nyuso zote wazi. Mama Faridi alizipokea zile picha, akamwandalia samaki wa mukeke na wali, wakaagana vizuri. Lakini neno likishatoka mdomoni halina breki. Kwenye masoko ya pwani, toka Nyanza-Lac mpaka Kabezi, ilisemwa kwamba Mwasiti wa Rumonge anafuta wakwe. Shughuli alizokuwa ameahidiwa zikahamia kwa msichana mmoja mwenye simu nzuri. Wenye adabu walimpigia kumwambia. Wengine walifanya harusi zao kimya, naye akasikia vigelegele akiwa kwake.

Alikwenda Buyenzi kwa Bahizire, fundi wa kamera aliyekuja zamani kutoka Bukavu na kufungua kibanda karibu na msikiti. Bahizire aliigeuza lenzi kwenye mwanga, akaipuliza, akaitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi.

"Dada, lenzi yako iko muzima," alimwambia. "Inakataa tu kufunga jicho."

Akamwonyesha. Ndani ya lenzi kuna vibati vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga, mfano wa mboni ya paka. Tundu likiwa dogo, vya karibu na vya mbali vyote vinatoka wazi. Likiwa kubwa, kinatoka wazi kile tu ulichokilenga, na kila kilicho mbele yake au nyuma yake kinayeyuka. Vibati vya Mwasiti vilikuwa vimenata kwa unyevu, tundu likabaki wazi kabisa. Bahizire alipanga glasi za chai juu ya meza yake, moja nyuma ya nyingine, akapiga picha: ya katikati ilikuwa kali mpaka jani la chai lililobaki chini ukaliona, na zile nyingine zilikuwa ukungu. Mwasiti aliyajua haya tangu kwa mjomba wake, lakini hakuwahi kuyaona yakifanywa na lenzi ambayo haina hiari. Bahizire alisema akijaribu kuvibandua vile vibati anaweza kuivunja, na lenzi nyingine ya namna ile hakuwa nayo. Mwasiti akairudisha mfukoni, akamshukuru, akapanda gari la Rumonge.

Akaanza kukaa sokoni na mama mkwe wake, akimimina mawese kwenye chupa za wateja. Kamera ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Tuliokuwa tunapita kwenda kununua tulimkuta anaongea vizuri, anacheka panapochekesha, ila ukimwambia habari za harusi alianza kufuta mikono ambayo haikuwa na mafuta.

Mambo yaligeuka asubuhi moja, kwa sababu ya ubishi wa ndugu. Bibi Mwamini alikuwa na binti pia, ameolewa Kigoma, ambaye kwenye simu hakukubali kwamba kishamba kilichokaa chini ya maji kinaweza kuota tena. Na kumbe bamia zilikuwa zimeota zenyewe, kwa mbegu zilizobaki udongoni, mpaka kwenye ukingo mpya wa ziwa, na asubuhi ile zilikuwa zimechanua. Bibi Mwamini akaja mlangoni, akamwambia mkwewe achukue kamera akapige foto, huyo wa Kigoma aone kwa macho yake. Mwasiti alimkumbusha kwamba lenzi ni mbovu.

"Bamia haina mukwe," bibi Mwamini alimjibu. "Nani atakulalamikia?"

Mwasiti alicheka, akaitoa kamera msumarini. Ua la bamia halingoji mtu. Linafunguka na jua, na mchana likishaona joto linajifunga na halifunguki tena. Alichuchumaa kwenye tope, akalisogelea ua moja, akaendelea kusogea mpaka lenzi ikagoma, akarudi nyuma kidogo, akabonyeza. Halafu akatazama kwenye kioo, na hakuinuka.

Ua lile alikuwa amelipita maisha yake yote. Aliona petali za manjano hafifu kama siagi, zenye mishipa myembamba. Aliona moyo mwekundu uliokoza karibu kuwa mweusi, na katikati ya moyo ule kijiti kimesimama chenye vichwa laini vya rangi ya damu ya mzee. Hivyo vyote vilikuwa wazi. Mashina mengine, uzio wa mabati uliokula kutu, takataka zilizoachwa na maji, matofali ya ukuta ulioanguka, vyote vilikuwepo nyuma ya ua, na vyote vilikuwa vimegeuka kuwa rangi laini ya kijani na kahawia, bila ncha, bila jina. Kile kile kilichomharibia Nadia harusi ndicho kilichofanya ua lile lisimame peke yake kama vile dunia imesogea kando kulipisha.

Bibi Mwamini alimwuliza kama ameanguka. Mwasiti akamwambia hapana, akasogea kwenye ua la pili.

Jioni alimwonyesha Jafari. Jafari alitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa nini hakusogea zaidi, maana yeye angependa kuona zile punje za vumbi la ua. Mwasiti alimweleza kwamba lenzi ina mwisho wake, ukiuvuka haioni tena. Ili isogee zaidi ingebidi itenganishwe kidogo na kamera, na vipete vya kufanya hivyo vinauzwa mbali. Kesho yake Jafari alirudi kutoka bandarini na kipande cha bomba la maji alichokikata kwa msumeno na kukipiga msasa, amekipaka rangi nyeusi kwa ndani ili mwanga usirukeruke, na kwenye kila mwisho amegandisha kifuniko kilichotobolewa, kimoja cha kushika kamera, kimoja cha kushika lenzi. Alimpa mkewe akiwa ameangalia pembeni, kama wafanyavyo wanaume wa kwao wanapotoa zawadi.

Ile pete ya bomba ilimfungulia Mwasiti mlango, na ikamletea shida mpya papo hapo. Kwa ukaribu ule, sehemu inayotoka wazi ilikuwa nyembamba kuliko ukucha. Akiilenga ncha ya petali, moyo wa ua unayeyuka. Akiulenga moyo, petali zinakuwa moshi. Akivuta pumzi tu, ua zima linapotea. Siku za mwanzo alirudi nyumbani na picha za ukungu mtupu, akazifuta, akarudi tena. Aliacha kuzungusha lenzi, akaanza kutumia mwili wake: anapiga magoti juu ya gunia, viwiko vimekita chini, anainama mbele polepole kama mtu anayetaka kunong'ona, na ile sehemu nyembamba ikipita mahali anapopataka, anabonyeza. Akagundua kwamba ni lazima aamue mapema ni nini kitakuwa wazi, kitu kimoja tu: ukingo wa petali, au kijiti, au mguu wa nyuki uliojaa unga. Anayetaka vyote, alisema, anakosa vyote.

Upepo nao ulimsumbua. Kwetu upepo unatoka ziwani ukishapata joto la mchana, basi yeye akawa anatoka alfajiri, ziwa likiwa bado limelala, na Jafari kabla ya kwenda kazini anasimama upande mmoja na mwavuli umefunguliwa kuzuia hata ule upepo wa miguu ya wapita njia. Na lile la nyuma ya ua akalijua kwa kukosea. Majani yakiwa karibu sana nyuma ya ua hayayeyuki vizuri, yanabaki na mistari inayogombana na ua. Akajifunza kujishusha, hata kulala kifudifudi, mpaka nyuma ya ua pawe na kitu cha mbali: paa, mlima, nguo za bibi Mwamini zilizoanikwa, maji. Kitu kikiwa mbali zaidi, kinakuwa laini zaidi.

Wapo waliosema mtaani kwamba ziwa limempanda kichwani. Mwanamke mzima, mke wa mtu, amelala tumbo kando ya mfereji akitazama ua la boga! Sisi wengine tulikuwa tumeona uso wake akiinuka kutoka pale, ana tope mpaka kidevuni, na hatukuona mtu aliyeharibikiwa.

Msimu uliofuata redio ilitangaza kwamba jumba moja la utamaduni Bujumbura linataka picha za wananchi, na mada ni "Ziwa Letu". Jafari ndiye aliyesikia, kwenye redio ya bandarini. Mwasiti alikataa. Alisema watu watapeleka mitumbwi, viboko, mawimbi, wavuvi wa ndagala na taa zao, na yeye ana nini, ana bamia. Bibi Mwamini alikuwa anapepeta mchele. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba kama bamia zake zimekaa chini ya hilo ziwa miezi yote ile na zikatoka, basi zinalijua kuliko kiboko. Jafari alicheka kwa sauti, jambo ambalo tulilisikia mpaka kwetu. Picha ikapelekwa.

Aliyoichagua ilikuwa ya ua la bamia lililoota ukingoni kabisa, shina lake mguu mmoja majini. Alikuwa amelala chini siku ile, kamera ikigusa tope, mpaka nyuma ya ua pasibaki nchi kavu yoyote. Ukingo wa petali moja na matone mawili ya umande ndivyo vilivyokuwa wazi. Sehemu yote nyingine ya picha, toka pembe hadi pembe, ilikuwa buluu.

Siku ya matokeo walikwenda wote watatu, bibi Mwamini amevaa kitenge cha Idi. Ukumbi ulikuwa umejaa. Ukutani palikuwa na boti katika dhoruba, masoko ya samaki, watoto wakiruka kutoka kwenye mawe, kazi nzuri za watu wenye vifaa vizuri, na Mwasiti aliziangalia moja moja kwa heshima mpaka akafika kwenye ua lake, dogo kuliko alivyolikumbuka. Mkuu wa waamuzi alikuwa mama mmoja wa makamo aliyepiga picha za magazeti katika nchi nyingi za maziwa haya. Kabla ya kutaja washindi aliwaita mbele wachache wazungumze kuhusu picha zao. Mwasiti alikuwa wa mwisho.

Yule mama alimwuliza kwa upole swali ambalo, alisema, waamuzi wenyewe walikuwa wamelijadili mpaka chai yao ikapoa.

"Mada ni ziwa. Wewe umetuletea ua. Ziwa liko wapi?"

Mwasiti alikuwa amezoea kusema na kumbi nzima akiwa juu ya kiti, lakini hapo sauti ilimtoka ndogo.

"Iko nyuma yake yote, mama," alisema. "Kila penye buluu ni maji. Yalikuja mpaka kwenye kizingiti changu, niliyaona sana. Asubuhi ile nilitaka kuona kilichobaki."

Walikuwamo watu wa Kabezi na watu wa Gatumba mle, waliolala kwa ndugu zao misimu ile, waliozika nyumba. Mzee mmoja aliyekaa mbele alivua kofia yake. Yule mama mwamuzi aliitazama tena ile picha, akatikisa kichwa taratibu kukubali, akamwomba Mwasiti asirudi kukaa, kwa sababu angelazimika kumwita tena. Nafasi ya kwanza ilikuwa yake.

Bibi Mwamini alipiga kigelegele ambacho nadhani hakijawahi kupigwa katika jumba lile. Wanawake wa Buyenzi waliokuwa nyuma wakamwitikia. Jafari, yule mtu asiyesema, alisimama akapiga makofi mikono juu ya kichwa mpaka watu wa mbele wakageuka kumtazama, naye hakujali.

Zawadi ilikuwa maonyesho yake mwenyewe, picha zitolewe kubwa, zitundikwe mahali atakapochagua. Walidhani atachagua pale pale Bujumbura. Mwasiti aliomba Rumonge.

Chama cha wakamuaji mawese kilitoa ghala lake. Wanawake waliliosha sakafu kwa sabuni na majivu, na harufu ya mafuta haikutoka, nasi tukaona vizuri isitoke. Picha zilikuja juu ya lori zimefungwa kwa mablanketi, kubwa kama milango. Karatasi za majina ya maua zilichelewa njiani, Mwasiti akaona aibu, akataka kuahirisha. Watu walikuwa wameshajaa nje. Wakafungua hivyo hivyo, na kuchelewa kwa karatasi zile kukawa ndiko kulikoifanya siku.

Maana watu walianza kubishana. Hili ni ua gani? Mmoja anasema la bustani ya wazungu, mwingine anasema la Kongo, mpaka mama mmoja muuza ndagala akashika kiuno akasema haya ni magugu maji, haya yanayonasa nyavu za mume wake, na hakujua kwamba yana jicho la manjano katikati. Mwingine aliligundua ua la boga kwa sababu ya nyuki. Wasichana wa shule walisimama mbele ya kitu kama vidole vya dhahabu, wakakubaliana ni mapambo, kisha mkamuaji mmoja wa mawese akawaambia ni ua dume la mchikichi, akawaonyesha kwa kidole mchikichi ulioonekana dirishani. Ghala zima lilikuwa linatafuta, linapata, linaitana. Bibi Mwamini alikuwa amewekewa kiti kando ya bamia, na kila aliyeingia alimpa mkono kama mama wa bibi harusi. "Hizi ni zangu," alisema kwa kila mmoja, "mimi ndiye nilizipanda." Waliotoka Burundi ya juu wakamjibu murakoze, naye akapokea shukrani zote.

Maonyesho yalipangwa kwa juma moja. Chama kilimwomba aache picha zikae, kwa sababu watu walikuwa wanatoka Nyanza-Lac na Kabezi kuja kuziona, na wakishaziona wananunua mawese. Zilikaa mpaka msimu wa kukamua ulipoanza na ghala likahitajika.

Harusi zilirudi pia, hata zikawa nyingi kupita zamani. Mabibi harusi walitaka kitu kimoja: wapigwe kama ua la bamia, wao wako wazi na ukumbi mzima umeyeyuka. Mwasiti alikuwa na jibu lake. Kwanza alipiga familia yote, kwa lenzi ya pili aliyotafutiwa baadaye na Bahizire, kila mkwe na uso wake. Kisha alimtoa bibi harusi peke yake, akamsogelea, akapiga mkono wenye hina, au kope, au kipini. Hakuna aliyefutwa tena. Na aliwafundisha wasichana kazi, mmoja wao akiwa yule mwenye simu nzuri, ambaye sasa ana kamera yake na anapiga vizuri sana.

Lakini nikitaka kumkumbuka Mwasiti, namkumbuka asubuhi moja kule Gatete. Mkulima mmoja wa huko, Zabroni, alikuwa amekaa mbele ya picha ya ua la haragwe ghalani kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote. Alisema amelima maharage tangu akiwa na nguvu za kubeba jembe, na hakuwahi kuliona uso. Akamwalika Mwasiti aje shambani kwake siku yatakapochanua yale ya rangi ya zambarau, mbegu ya marehemu mama yake.

Tulikwenda pamoja, mimi nikiwa nimebeba gunia la kupigia magoti. Tulikuta familia nzima ya Zabroni imesimama shambani kabla ya jua, pamoja na majirani. Walikuwa wameambiwa kuhusu upepo, basi walileta mikeka, wakaishika imesimama kuzunguka shina moja, wazee na akina mama, bega kwa bega. Mwasiti aliingia katikati ya duara lile, akatandika gunia, akapiga magoti. Ua lilikuwa dogo kama ukucha. Akatafuta upande ambao nyuma yake kulikuwa na bonde lote na anga inayoanza kupata rangi, akashusha kifua, akakita viwiko, akaanza kuinama mbele polepole.

"Amahoro, utulivu tu sasa," Zabroni aliwaambia watu wake kwa sauti ya chini. "Asipumue mtu."

Na kweli, hakuna aliyepumua mpaka aliposema amepata.